Mafuta Yaliyohama Kati ya Mpwapwa na Kolo

Tangu nirudi hapa Kikuyu, Dodoma, sijamaliza kikombe cha chai bila mtu kubisha hodi na kuuliza, "Zaina, hivi ni kweli mlisafiri na ndama kiti cha mbele?" Ni kweli. Nimeona afadhali niandike yote mara moja, kila anayetaka asome, nami nipumzike. Habari za vibali vya mifugo na mihuri sitazigusa, maana zitawachosha kama zilivyonichosha mimi. Naanzia pale gari lilipowashwa.

Kwa wasiomjua, Salimu ni kaka yangu, tumbo moja. Alikuwa dereva wa malori katika shirika la umma mpaka shirika lenyewe likafungwa. Haukupita muda na mimi nikapunguzwa kazi ofisini nilikokuwa napiga taipu. Nilichopewa cha kuniaga nilimkabidhi Salimu, akaongeza cha kwake, tukanunua pikapu: kubwa mno, ya Kimarekani, ya dizeli, usukani kushoto, iliyoachwa na wageni waliomaliza mradi wao wakaenda zao. Nyakati hizo redio ilikuwa inatuambia kila mtu ajitafutie, soko liko huru. Basi sisi tulijitafutia tela, tukalifunga nyuma ya gari hilo, tukasema kazi yetu ni kuvuta mizigo ya watu.

Mzigo wa kwanza wa maana ulitoka kwa mama mdogo Hadija, mdogo wake marehemu mama yetu. Yeye ni mwenyekiti wa kikundi cha akina mama kule Kolo. Walikuwa wamepata mitamba wawili wenye mimba, ng'ombe bora wa maziwa, wa kwenda kuchukuliwa Mpwapwa. Alituambia wazi: mkinifikishia wanyama wangu salama, mazao yote ya kikundi mtabeba nyie. Wakifia njiani, hata mimi mama yenu sitaweza kuwatetea.

Kikuyu hadi Mpwapwa

Tuliondoka asubuhi, tela tupu, tangi limejazwa mpaka juu. Salimu alikagua matairi huku anaimba. Mnamjua akiimba ana furaha.

Gari lenye usukani kushoto lina adha yake. Dereva anakaa upande wa mtaroni, hivyo akitaka kulipita lori haoni chochote mbele. Mwenye kuona ni abiria. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kutoa kichwa dirishani na kusema "Nenda!" au "Bado!" Mara ya kwanza nilisema "Nenda" nikiwa na maana lori lile liende, tutalifuata. Salimu akaenda yeye. Basi lililokuwa linakuja mbele yetu lilipiga honi ndefu, tukarudi nyuma ya lori kwa bahati tu. Baada ya hapo tukakubaliana: nikinyoosha mkono, pita, nikikunja, tulia.

Tela tupu nalo lina vituko. Mtu angedhani likiwa jepesi litavutika vizuri, kumbe linarukaruka. Kila shimo linagonga chuma cha kuvutia, na chuma kinagonga gari, na gari linatugonga sisi. Tulipofika Mbande kupumzika meno yalikuwa yananiuma. Tukala nyama ya mbuzi na ndizi za kuchoma, tukanunua zabibu kwa watoto wa barabarani, na ndipo nilipomwona Salimu amesimama dirishani anaangalia ndani ya gari lake mwenyewe kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

"Nini, kaka?"

"Mshale wa mafuta. Umeshuka."

"Si tumetembea?"

"Hatujatembea kiasi hicho."

Njia nzima ya kupandia Kongwa hakuimba tena. Mshale ulishuka kama unasukumwa na mtu. Tulifika Mpwapwa ukiwa umekaribia mwisho, na tela halikuwa na kitu ndani isipokuwa nyasi za kutandika. Nilijiuliza kimoyomoyo: kama bila mzigo linakunywa hivi, tukipakia ng'ombe itakuwaje? Sikumwuliza. Nilimwona naye anajiuliza hilohilo.

Mpwapwa

Mchungaji aliyetukabidhi wanyama asubuhi ya pili alikuwa mtu mpole, Mgogo, mwenye Kiswahili cha kuchagua maneno machache. Aliwatoa mmoja mmoja. Wa kwanza mwekundu, mtulivu. Wa pili mweusi mwenye doa jeupe ubavuni, tumbo limeshuka, macho ya wasiwasi.

Yule bwana akampapasa mgongo yule mweusi, akaniangalia, akasema, "Huyu karibu."

"Ahsante sana," nikamjibu.

Akasita. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi, "Huyu karibu, mama. Karibu!"

"Ahsante, tumeshakaribia," nikasema, nikatabasamu vizuri nikidhani hapo kuna desturi ya kumkaribisha mgeni kwa mnyama wake. Salimu alikuwa chini ya tela anakaza nati, hakusikia. Mchungaji akatikisa kichwa taratibu, akatuongezea mzigo wa majani makavu ambao hatukuuomba, akatuombea safari njema. Nilimwona kwenye kioo cha pembeni bado amesimama, ameshika kiuno, anatutazama mpaka tulipokata kona.

Mpwapwa hadi Dodoma

Hapa ndipo akili yangu ilipoanza kuchanganyikiwa kabisa. Tangi tulikuwa tumelijaza tena jioni tulipofika. Gari lililokuwa linatetemeka na tela tupu, sasa lina ng'ombe wawili wazima nyuma, likatulia kama limepata kitu lilichokuwa linakitafuta. Lilipanda vilima bila kulalamika. Kazi ilikuwa kwenye kuteremka, maana tela lilikuwa linatusukuma, na Salimu alishuka na gia ndogo huku jasho linamtoka, ng'ombe wakisogea mbele wote wawili kwa pamoja tunausikia uzito wao mgongoni. Lakini nguvu ilikuwepo. Hata yeye akasema, "Gari hili limeumbwa kwa kuvuta."

Na mafuta? Mshale ulishuka vilevile kama jana. Haukushuka zaidi, haukushuka pungufu. Tupu na lenye mzigo, sawasawa.

"Haiwezekani," akasema Salimu.

"Labda mshale ni mbovu."

"Mshale ungekuwa mbovu, jana kituoni tangi lisingemeza mafuta yote yale."

Tulilaza ng'ombe uani kwangu hapa Kikuyu, kama majirani mnavyokumbuka, na asubuhi Salimu alijaza tangi kwa mara ya tatu bila kunitazama usoni.

Dodoma kuelekea Kondoa

Barabara ya kaskazini ilikuwa ya vumbi, imejikunja kama bati. Tukapita Mayamaya, tukapita Haneti, tukienda polepole kwa ajili ya wanyama. Mbele ya Haneti tukakuta malori yamepanga mstari, madereva wamelala chini ya vivuli vya magari yao. Mvua iliyonyesha milimani ilikuwa imeshusha maji korongoni na kula kipande cha barabara. Lori moja lilikuwa limezama mpaka ekseli.

Madereva wakatupa ushauri tofauti. Wa kwanza akasema tusubiri, kesho maji yatakuwa yamekauka. Mwingine akasema tusithubutu kusubiri na ng'ombe wenye mimba juani, tuzunguke upande wa magharibi kwa njia ya Farkwa, tutatokea mbele karibu na Kondoa. Wa tatu akasema njia hiyo ipo ila haipo. Nikamwuliza ana maana gani. Akasema, "Utaiona, kisha hutaiona."

Yule mtamba mweusi alikuwa anahema na kuinua mkia. Tukazunguka.

Upande wa Farkwa

Dereva yule alisema kweli. Njia iliingia kwenye vichaka, ikagawanyika, ikaungana, ikawa mchanga mtupu. Gari likawa linanguruma gia ya pili, tela linachora mitaro nyuma yetu. Tulimwuliza mzee mmoja mwenye baiskeli kama hii ni njia ya Farkwa, akasema ndiyo. Tukamwuliza mwanamke aliyebeba kuni kama ni njia ya Kondoa, akasema ndiyo. Mbele kidogo Salimu akamwuliza kijana kama ni njia ya kurudi Dodoma, kwa kumjaribu tu, naye akasema ndiyo. Mpaka leo sijui kama watatu hao walitudanganya au wote walikuwa wanasema kweli.

Saa za mchana, jua likiwa kali, gari likakohoa, likazima. Mshale umelala chini kabisa.

Salimu hakushuka. Aliweka mikono juu ya usukani. Kisha akasema, akiangalia mbele, "Zaina, nimeshaliuza."

"Umeuza nini?"

"Gari. Kuna mfanyabiashara Kondoa, nilimpigia simu jana jioni tulipofika Kikuyu, tumeelewana. Tukishusha ng'ombe Kolo, nikirudi namkabidhi."

"Bila kuniambia? Nusu ya gari hili ni yangu!"

"Ndiyo sababu. Ulinipa kila ulichotoka nacho kazini. Kila nikiona mshale ule unashuka, namwona Zaina anashuka. Nilitaka nikurudishie chako kabla hakijaisha chote. Nilishindwa kukwambia nimeshindwa."

Ningependa kuwaambia nilimjibu maneno ya busara. Nilishuka nikafunga mlango kwa nguvu, nikaenda nikasimama nyuma ya tela nikalia kwa hasira. Ndipo nikaona miguu ya mtamba mweusi imelowa, na chini yake kitu kama puto jeusi linaning'inia. Nikaelewa "karibu" ya yule mchungaji wa Mpwapwa. Nikapiga kelele za kumwita Salimu.

Nyumbani kwa Mama Veronika

Kulikuwa na mji wa watu karibu, nyumba za tembe mbili na zizi la mbuzi. Mwenye mji na mkewe walikwisha kutuona. Walikuwa wanasema lugha yao ile yenye sauti za kudonoa ulimi, ambayo sisi Warangi wa Kolo tumeisikia sokoni tangu utoto na hatuna neno hata moja. Mume aliongea Kiswahili kidogo, mke kidogo kuliko yeye. Alijitambulisha kuwa ni Mama Veronika.

Nikaamkia, "Shikamooni." Salimu aliyekuwa anahangaika na gari lake akauliza papo hapo, "Mzee wangu, mna mafuta?"

"Yapo," akajibu mzee.

Salimu akashika kichwa kwa furaha. Mzee akaingia ndani, akakaa, akatoka na chupa iliyozibwa kwa gunzi la mahindi. Salimu akaifungua akanusa. Yalikuwa mafuta ya alizeti, mazuri kabisa, ya kupikia.

"Mafuta ya gari, mzee. Ya gari!"

Mzee akaliangalia gari, akaiangalia chupa. "Haya halinywi?" akauliza.

Sikujua nicheke au nilie. Lakini Mama Veronika hakuwa anatusikiliza. Alikuwa amepanda telani, ameinua mkia wa mtamba, ameona kwato moja ndogo imetoka na ya pili haipo. Akasema neno kwa mumewe, akanyoosha mkono, akaichukua ile chupa kutoka mikononi mwa Salimu. Alijimiminia mafuta mpaka kwenye kiwiko. Akaniita kwa kichwa: njoo.

Tulimshusha mtamba mwekundu tukamfunga kwenye mti, nafasi ikapatikana. Salimu na mzee wakamshika mweusi kichwa. Mimi niliambiwa, kwa ishara, nishike ile kwato iliyotoka na nisiiachie. Mama Veronika aliingiza mkono taratibu, macho ameyafumba, anaongea na ng'ombe kwa lugha yake, tk, tk, kama mtu anayembembeleza mtoto alale. Mtamba alipiga kelele. Nilimwuliza, "Atakufa?" akanijibu kwa Kiswahili kimoja safi, "Vuta nikisema."

Aliusogeza mguu wa pili uliokunjika. Akasema, "Vuta." Nikavuta. "Acha." Nikaacha. Sikumbuki tulirudia mara ngapi. Najua tu kwamba ghafla ndama alitoka mzima mzima, ukaniangukia mapajani uzito wa moto na utelezi, nikaanguka naye kwenye majani. Mama Veronika alimfuta pua, akampuliza, akampiga kifua kwa kiganja. Kimya. Akapiga tena. Ndama akapiga chafya.

Mzee akacheka. Salimu alikaa chini palepale telani, akaweka uso kwenye shingo ya ng'ombe.

Nilitambaa kutoka kwenye tela nikiwa nimelowa kila mahali, nikaenda ubavuni mwa gari kutafuta kitambaa. Hapo nikasikia harufu. Si ya damu wala ya ng'ombe. Dizeli. Nikainama. Nyuma ya gurudumu, kwenye kifuniko ambacho hatujawahi kukifungua, mafuta yalikuwa yanadondoka tone moja moja mchangani.

"Kaka, hiki ni nini?"

"Hilo tangi la nyuma. Halifanyi kazi, aliyetuuzia alisema."

"Mbona limejaa?"

Alikuja mbio. Alikifungua kile kifuniko na dizeli ikamwagika mikononi mwake. Alisimama kama mtu aliyekutana na marehemu sokoni. Tuliongea wawili, tukibishana, tukirudi mwanzo, mpaka tukaunganisha: injini inavuta mafuta tangi la mbele, inatumia kidogo, na yanayobaki yanatakiwa kurudi yalikotoka. Sasa kuna mahali pamekufa, yakawa yanarudi tangi la nyuma. Tangu siku ya kwanza tulikuwa tunajaza mbele, gari linahamishia nyuma, na mengine yakishajaa yanamwagika njiani. Kwenye dashibodi kulikuwa na swichi ndogo ambayo Salimu alidhani ni ya taa fulani iliyokufa. Akaibonyeza. Mshale ukapanda polepole mpaka juu.

Hatukuondoka papo hapo. Kulikuwa na kazi ya kutoa upepo kwenye mabomba, na Mama Veronika alikuwa ameshasonga ugali wa uwele na mlenda, akatutolea na asali kwenye kibuyu. Nilikula kama sijawahi kula. Nilimshukuru kwa kila neno la shukrani nililonalo, naye akasema, "Karibu." Safari hii nikauliza, "Karibu ipi, mama?" Nikamsimulia mumewe ya yule mchungaji wa Mpwapwa, akamfafanulia mkewe, wakacheka mpaka mama akashika ubavu.

Kondoa

Ndama alikuwa jike. Tuliogopa akanyagwe kwenye tela, nikampakata kiti cha mbele, miguu yake mirefu imejaa kila mahali, mmoja kwenye gia. Kila tuliposimama tulimshusha akanyonye.

Kwa kuwa sikuweza kujigeuza, macho yangu yalibaki kwenye saa ya mwendo. Kioo chake kilikuwa na ufa na vumbi la miaka. Nikalamba kidole, nikafuta. Chini ya namba kulikuwa na herufi ndogo, na mimi herufi ndizo zilizonilisha miaka yote.

"Kaka, hizi si kilomita. Ni maili."

Hakuelewa. Nikarudia. Kwenye malori aliyozoea yote ilikuwa kilomita, na tangu tununue gari hili alikuwa anahesabu kwa kilomita na kuliona mvivu. Alipunguza mwendo, akasimamisha gari katikati ya barabara, akahesabu kwa vidole, akaacha, akaanza upya. "Kwa hiyo tumetembea zaidi," akasema. "Kwa mafuta pungufu." Kisha, kwa sauti ya chini, "Sasa linakunywa kiasi gani kwa kweli?"

Hatukujua. Yaliyotumika, yaliyohama na yaliyomwagika hayakuweza kutenganishwa tena.

Mfanyabiashara alikuwa anatusubiri Kondoa mjini, mbele ya duka lake, amevaa kanzu safi. Alizunguka gari, akagonga gonga bodi, akasema yuko tayari. Akaongeza kuwa kila mtu anajua gari hili linafilisi, hivyo tushukuru.

Salimu akanigeukia. "Unasemaje, Zaina?"

Nilikuwa na ndama mapajani, gauni limekaukiwa na damu na mafuta ya alizeti, na kichwa changu hakikuwa na uhakika wa jambo lolote. Bado nilikuwa nimemkasirikia. Lakini ilikuwa mara ya kwanza kuniuliza.

"Mwambie ukweli wa tangi," nikasema. "Kisha mwambie haliuzwi."

Akamwambia vyote viwili. Yule bwana alisikiliza habari ya mafuta yanayohama, akatutazama mmoja baada ya mwingine, kisha ndama, akasema sisi ni wagonjwa, tunahitaji kulala. Hakukosea.

Kolo

Akina mama walikuwa wamekusanyika tangu asubuhi. Waliposikia mngurumo walitoka na vigelegele, vikakatika waliponiona mimi. Mama mdogo Hadija alifungua mlango mwenyewe, akaangalia gauni langu.

"Nani amekufa?"

"Hakuna, mama mdogo. Amezaliwa."

Hapo ilichukua muda kueleza, maana walitegemea ng'ombe wawili na sasa walikuwa watatu, na mama mmoja alisisitiza kuwa tumebadilishiwa njiani. Mtamba mweusi aliteremka mwenyewe, akaja moja kwa moja akamlamba mwanawe, na ubishi ukaisha. Wakakamua dang'a kidogo, maziwa yale mazito ya kwanza, wakayagawana kwa kijiko. Mama mdogo akaagiza asali ya shukrani ipelekwe kwa Mama Veronika, nikamwambia asali anayo kuliko sisi, wakakubaliana kitenge.

Kisha akamgeukia Salimu. Tulikuwa tumeshaingia kwenye ukumbi wa kikundi, na nyuma ya akina mama niliona magunia ya alizeti yamepangwa mpaka darini.

"Haya, mwanangu. Nilisema mkifikisha salama. Mnaweza kupeleka mzigo huu Dodoma na gari lenu hilo, au litaishia njiani?"

Salimu alionyesha upande wangu. "Mwulizeni mwenzangu. Sisemi peke yangu tena."

Wakanitazama wote. Sikujua mafuta yaliyobaki yako tangi lipi, sikujua lori lile limetolewa korongoni au bado, wala sikujua kama nimeshamsamehe kaka yangu.

"Pakieni," nikasema.